Kadi ya Sloti Nyeupe

Jumamosi, 2 Oktoba 2004

Daftari hili lilikuwa la maandalio ya masomo. Kurasa za mbele zina hesabu za darasa la sita, na kwa kuwa mimi ni mwalimu mstaafu nisiye na darasa, nimeligeuza nyuma kuwa mbele. Naanza leo kwa sababu leo kompyuta imefika Newala.

Imekuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, siku mbili njiani, imefungwa kwa blanketi. Binti yangu Regina ndiye aliyeituma. Shirika alilokuwa akifanyia kazi mumewe limeuzwa kwa watu binafsi, na wenyewe hao wapya hawakutaka vitu vya zamani, vikapigwa mnada: meza, mafeni, kompyuta. Mashine ni nzima. Kioo chake cha kutazamia kimefika vipande vipande. Nilimwuliza kondakta, akasema barabara ya kule Nangurukuru haimjui mwalimu wala mwanafunzi. Nikamwambia na yeye hajui kufunga mzigo.

Regina kwa simu anasema nisihangaike na kioo, TV yetu ndiyo itakuwa kioo. Kinachotakiwa ni kadi ya picha, kitu kama kiganja kinachochomekwa ndani ya mashine, chenye tundu la kutolea picha kwenda kwenye TV. Za bei nafuu zipo Masasi, nikachague.

Nimefundisha miaka thelathini na minne. Sidhani kama nitashindwa kuchagua kadi.

Jumapili, 3 Oktoba

Nieleze sababu, isije ikaonekana nimeanza anasa uzeeni.

Mwezi uliopita Marko wa Chiwata alirudi kutoka Afrika Kusini, akatuletea bahasha ya mwanetu wa kwanza, Cuthbert. Ndani mna CD moja tu. Juu ya bahasha ameandika: "Kwa Mama. Mama aitazame kwanza." Mimi simo. Ni miaka tisa tangu aondoke, na tuliachana vibaya. Aliacha chuo cha ualimu mwaka wa mwisho, nami nikasema maneno ambayo sitayaandika hata kwenye daftari langu mwenyewe. Marko hakukaa kunywa chai. Tulipomwuliza Cuthbert anaendeleaje, alisema yupo.

Deki yetu inaitema ile CD, kwa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Kompyuta ya duka la vifaa vya ofisi hapa mjini haina pa kuingizia CD. Ya ofisi ya kanisa kule Masasi inapo, lakini mke wangu Bibiana amekataa. Sukari imemharibu macho. Daktari alisema mishipa ya nyuma ya jicho inavuja damu, na kwamba matibabu ya kuchoma mishipa kwa mwanga, kule Dar, yangemsaidia miaka mitatu iliyopita. Sasa tutunze kilichopo. Kwenye kioo kidogo haoni uso wa mtu. Kwenye TV yetu ya inchi ishirini na moja, akisogeza kigoda mpaka karibu kuigusa, anamtambua msoma habari.

"Sitaki nikapapase kioo mbele ya makarani," aliniambia. "Mwanangu nitamtazama nyumbani kwangu."

Nimemwahidi sitaitazama kabla yake. CD ipo ndani ya Biblia, na kila nikipita karibu na kabati naiona kana kwamba inanisema.

Jumatano, 6 Oktoba

Shambani Chilangala. Korosho zimeanza kudondoka kwa wingi. Mgongo.

Jumamosi, 9 Oktoba

Masasi. Anayeuza vitu vya kompyuta ni Abrahamu, na hapo ndipo pana shughuli, kwa sababu ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu. Wao wakija msibani kwetu hutufichia masufuria na kuuliza marehemu amekufa kweli au anakwepa kulima. Nasi tukienda kwao hatuwabakizi. Mtani akisema jambo unaligeuza kinyume, unacheka, unaendelea na safari yako. Anayekasirika ndiye mjinga.

Alinipokea kwa kuniuliza kama ndugu zangu wamechoka kunichimbia kaburi. Akanionyesha kadi mbili. Moja imo ndani ya boksi linalong'aa, ina feni yake ndogo. Nyingine haina boksi, imefungwa kwa gazeti, nyembamba, ya zamani. Bei zao hazikupishana sana, maana ile ya boksi alikuwa ameipunguza.

"Hii ya boksi si yako, mtani," alisema mbele ya wateja. "Hizo mashine za mnada nazijua, matundu yake ya kuchomekea kadi, sloti, ni meupe yote, na hii inataka sloti ya kahawia. Itagoma hata ukiipigia magoti. Chukua hii ya kwenye gazeti, ndiyo saizi yenu."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilimwambia ukoo wetu hatuvai mitumba, tunawaachia wao. Akasema, "Mtani, safari hii nasema kweli." Lakini hiyo ndiyo kauli yao siku zote, hata pale walipomwambia baba yangu nyumba inaungua na haikuwa inaungua. Nimelipa ya boksi na kurudi nyumbani nikiwa nimejaa furaha. Bibiana amelishika boksi, amelipapasa, amesema ni laini.

Jumatatu, 11 Oktoba

Sijui nianze wapi. Nilimwita Stamili, fundi redio wa hapa mtaani. Alikuwa mwanafunzi wangu, na nilimrudisha darasa la nne mara mbili, kwa hiyo sikutegemea makubwa. Alifungua skrubu tano, akainua bati, akachungulia. Ndani mna sloti tatu, zote nyeupe kama meno. Ya kahawia hakuna.

"Haiingii, Mwalimu," alisema.

Nikamwambia asukume. Akasema tundu halipo, asukume wapi. Nikachukua kadi nikajaribu mwenyewe, huku na huku, mpaka akaninyang'anya kwa adabu akairudisha ndani ya boksi. Nilifikiri hata kuipunguza upande mmoja kwa msumeno wa chuma, na nilisema hivyo kwa sauti. Stamili akaniuliza kama hakuna mtu aliyenishauri dukani. Nikaanza kuokota skrubu.

Bibiana alikuwa amekwisha kukaa kwenye kigoda mbele ya TV. Alikuwa amejifunga khanga mpya.

Jumanne, 12 Oktoba

Nimeshindwa kula.

Jumamosi, 16 Oktoba

Masasi tena. Abrahamu alipoliona boksi hakucheka, na hilo limeniuma kuliko kama angecheka. Ile kadi ya kwenye gazeti aliiuza jana tu, shule moja ya sekondari imeichukua.

"Nilikwambia kweli, mtani."

"Ulikuwa unatania."

"Nilikutania kaburi," alisema. "Mzigo wangu siutanii. Ningekula wapi?"

Nilimfokea. Nilimwita mwizi, mbele za watu, kwa hasira ya kweli, jambo ambalo kwa watani ni haramu na lina faini ya kuku. Hakudai kuku. Amelipokea boksi bila kulikagua, ameandika oda ya kadi ya sloti nyeupe kutoka Dar, amesema wiki mbili. Nimetoka bila kuaga. Mtu huyu nilikuwa namwona mpayukaji tu, na sasa sijui nimwone nani.

Ijumaa, 22 Oktoba

Korosho, mabibo, nzi. Bibiana anaokota kwa kupapasa na bado ananizidi debe moja.

Jumamosi, 30 Oktoba

Wiki mbili zimetimia. Abrahamu kwa simu: bado.

Jumatano, 3 Novemba

Bado.

Jumanne, 9 Novemba

Kadi iliwekwa kwenye basi la Mtwara badala ya la Masasi. Iko Mtwara kwa mtu ambaye hapokei simu. Bibiana ameniuliza sloti ni kitu gani hasa, nikamweleza kwa kumshikisha mashine, kidole kwa kidole. Akasema sisi tumekwama kwa kitu chembamba kama kipande cha sega. Nilitaka kucheka ikashindikana.

Jumapili, 14 Novemba

Idi. Stamili ametuletea pilau, amekaa na Bibiana jikoni muda mrefu. Anamwita Mama, na anamsomea maandishi ya kwenye chupa ya dawa bila kuombwa. Nimekumbuka nilivyomrudisha darasa la nne. Mara ya pili, nadhani, nilikosea.

Ijumaa, 19 Novemba

Leo asubuhi Bibiana alikuwa anachambua mchele uani. Akaniita, si kwa sauti ya kuogopa. Akasema kuna moshi umeingia jicho la kulia, nimwangalie kama kuna taka. Hapakuwa na taka. Baada ya kama nusu saa akasema moshi umekuwa pazia, na pazia ni jeusi, na linashuka. Nilimwinamisha kichwa, nikamwinua, nikampepea kwa ungo. Nilifanya kila jambo la kijinga ambalo mtu hufanya akiwa hana la kufanya.

Hospitali walimmulika kwa tochi. Mganga ni kijana mwenye heshima, aliniita pembeni. Damu imemwagika ndani ya jicho. Inaweza kunyonywa yenyewe kwa miezi, au isinyonywe. La kushoto nalo lina dalili. Nikamwuliza nifanye nini. Akasema tuidhibiti sukari. Nikamwuliza tena nifanye nini, maana sikuridhika na jibu, nikawa kama mwanafunzi anayerudia swali akitumaini mwalimu amesahau. Akanishika bega.

Njiani Bibiana alinifariji yeye. Alisema jicho la kushoto ndilo lililokuwa zuri tangu mwanzo, na kwamba Mungu angetaka angechukua hilo kwanza. Nimekasirika na Mungu, nimekasirika na basi la Mtwara, nimekasirika na mtani wangu ambaye kosa lake ni kusema ukweli. Zaidi ya wote nimejikasirikia mwenyewe. Kama ningesikia maneno mepesi ya mtu yule Oktoba tisa, mwanamke huyu angekuwa amekwisha kumwona mwanawe kwa macho mawili, wiki sita zilizopita.

Jumapili, 21 Novemba

Baada ya ibada nimemwomba twende Masasi kwenye ile ofisi ya kanisa, kioo kidogo si neno, jicho likiwa bado lipo. Amekataa. Nikapandisha sauti. Akaniuliza kama namgombeza yeye au Cuthbert.

Alhamisi, 2 Desemba

Amekubali. Amesema mwenyewe, bila kuombwa: twende kesho. Sikumwuliza kilichombadilisha. Nilimwona asubuhi akinyoosha mkono kuchukua kikombe na mkono ukapita pembeni.

Ijumaa, 3 Desemba

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha leo, leo hasa, kuanzia alfajiri. Nilikodi pikapu ya jirani. Tulipofika mteremko wa kushukia bonde, lori la korosho la mnunuzi mmoja lilikuwa limelala kwa ubavu, limeziba barabara nzima. Siku hizi kila mwenye mizani ni mnunuzi na kila mmoja anawahi, wanajaza mpaka magunia yananing'inia. Huku ukuta wa mlima, huku korongo.

Tulikaa hapo kwa muda wa saa sita. Bibiana ameshika bahasha chini ya khanga isilowe. Wanaume tulishuka tukasukuma, tukavuta kamba, matope hadi magotini, na lori halikusogea hata shubiri. Nilisukuma mpaka dereva akaniambia, "Mzee, pumzika, huyu haendi." Sikupumzika. Nilikuwa naona jicho la mke wangu, si lori.

Saa kumi tuligeuza gari tukarudi. Njiani Bibiana aliniuliza kama bonde linaonekana au lina ukungu. Nikamwambia lina ukungu. Lilikuwa wazi, limeoshwa, unaona hadi vilima vya Masasi.

Jumatatu, 6 Desemba

Mvua.

Jumanne, 7 Desemba

Mvua. Korosho zimelowa uani, nimeziacha.

Jumamosi, 11 Desemba

Nilikuwa nimelala mchana nikasikia pikipiki. Ni Abrahamu, amelowa chapachapa, kutoka Masasi. Aliifuata kadi Mtwara mwenyewe. Ameitoa kifuani, imefungwa kwa nailoni na juu yake gazeti. Alisema ameleta tu ili aone kama bado niko hai, maana deni la kuku halilipwi na maiti. Nikamkamatia jogoo. Nilipokuwa namfunga miguu machozi yalinitoka, na Abrahamu, mtu wa ukoo ule, akageuka upande mwingine akajifanya anakagua tairi.

Stamili alikuja mbio. Kadi imeingia kwenye sloti nyeupe kwa sauti ndogo kama ya mlango mzuri.

Kisha akabonyeza swichi. Umeme hakuna. Mji mzima hakuna, mashine ya kufua umeme imeharibika tangu asubuhi, na sisi tuliojifungia ndani kwa mvua hatukujua.

Jumatatu, 13 Desemba

Umeme hakuna. Wanasema kifaa kinatoka mbali.

Alhamisi, 16 Desemba

Umeme hakuna. Nimezunguka mjini kuazima jenereta: mbili mbovu, ya tatu inasaga mahindi na mwenyewe hawezi kuiachia.

Leo Stamili aliingia bila kubisha hodi, Bibiana akamsalimu kwa jina langu. Kisha akacheka, akasema alikuwa anatania. Amemimina chai na chai imekwenda mezani. Akasema birika lina kutu mdomoni. Birika ni jipya, Regina alilileta Pasaka.

Sikumwuliza. Nikiuliza, atanijibu.

Jumapili, 19 Desemba

Kanisani aliimba bila kusoma kitabu. Alikuwa amekishika, juu chini.

Alhamisi, 23 Desemba

Umeme umerudi saa nane mchana. Nasikia bado watu wanashangilia barabarani. Niandike upesi, kabla moyo haujapoa.

Nilimtuma jirani amwite Stamili. Tukaunganisha, waya wa njano wa picha kwenda nyuma ya TV, sauti kwenye spika mbili ndogo za mezani. Herufi nyeupe zikapanda kwenye TV yetu na mimi nikapiga makofi peke yangu. Bibiana alitokea chumbani na ile khanga mpya. Alihesabu hatua hadi kwenye kigoda, nilimsikia akihesabu. Nikavuta meza ya TV isogee karibu naye, nikatoa CD kwenye Biblia, Stamili akaiingiza.

Sauti ikaja kwanza. "Shikamoo, Mama. Ni mimi, Cuthbert." Sauti ile ile, ila ina mkwaruzo kama ya mtu mwenye mafua.

TV ilikuwa nyeusi tii. Nilipovuta meza nilichomoa waya wa njano. Niliinama nyuma kuutafuta, na nikiwa huko nyuma nikamsikia mke wangu akisema, "Marahaba, mwanangu. Namwona."

Nikainuka. Uso wake ulikuwa umekaribia kugusa kioo kisicho na kitu.

"Namwona, Baba Cuthbert. Amenenepa."

Stamili alinitazama, akashusha macho, akatoka nje akasimama barazani. Nikauchomeka waya. Nilikosa tundu mara mbili.

Picha ikaja, safi, rangi zote. Mwanangu amekaa kwenye kitanda cha chuma, amevaa shati jeupe la mikono mirefu. Shingo yake imekuwa ya ndege. Mashavu yameingia ndani, macho yamekuwa makubwa, na alipotabasamu niliona meno kabla sijauona uso. Nilimtafuta Cuthbert ndani ya mtu yule, nikampata kwenye namna anavyoinamisha kichwa, basi. Miaka hii tumewazika wengi wenye mashavu ya namna ile. Hakuna aliyehitaji kunieleza.

Akaendelea kusema, pole pole, anavuta pumzi katikati ya maneno. "Mama, nimeona bora unione mwenyewe kuliko kuambiwa na watu. Nitazame vizuri. Ukishanitazama, wewe ndiye utamwambia Baba nilivyo. Taratibu. Kwako atasikia. Mwambie yale ya zamani nimeshayasahau."

Bibiana alikuwa ameweka kiganja chote juu ya kioo. Kilikuwa kimefunika kifua cha mtoto wake. Picha iliendelea dakika nne hivi, akawataja bibi zake, akamtaja Regina, akasema baridi ya kule haina huruma. Kisha ikaisha, TV ikabaki na rangi ya bluu.

Hakuondoa mkono. Alikaa hivyo mpaka nikadhani hajui kama imekwisha.

"Baba Cuthbert," alisema, "na wewe umemwona?"

"Nimemwona."

"Amenenepa, si ndiyo?"

Nilipiga magoti pale chini, karibu na kigoda chake. Nikamwambia ndiyo, amenenepa, na lile shati jeupe limempendeza sana.